Mboga za Nyar Karungu

Wewe uliyekulia jikoni kwa mama, ukapuliza moto wa kuni mbichi hadi machozi na kamasi vikachanganyika, sogea hapa tuketi. Walioanza maisha na gesi watatusubiri nje kidogo. Wana simu zao, hawatachoka.

Kabla sijafika mbali niseme jambo moja, msije mkalalamika baadaye kwamba niliwaficha. Mimi ni mtu wa wivu. Wivu ninao tangu utotoni na sijauona ukipungua, labda umezeeka tu pamoja nami. Hapa Migori mjini nina duka la sufuria na vyombo vya jikoni, na nyuma ya kaunta nimetundika leso iliyoandikwa "Mwenye wivu ajinyonge". Wateja hudhani nawarushia wao maneno. Wanacheka, wanalipa, wanaenda.

Kwetu hasa ni upande wa Homa Bay, ndani huko kuelekea Ndhiwa. Baba alikuwa na mashine ya posho sokoni, na jioni alirudi mweupe wa unga kichwani mpaka kope. Alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa, na watu walimwita Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu, kwa kuwa alizaliwa Kendu Bay. Nilipokuwa na miaka tisa hivi baba akaleta wa pili kutoka Karungu, na huyo naye akawa Nyar Karungu. Sisi watoto tulifundishwa kumwita mama mdogo. Nililitamka hilo jina kama mtu anayemeza kwinini.

Jamani, chakula cha siku zile! Asubuhi uji wa wimbi uliokamuliwa ndimu, unakunywa kwenye kibuyu na mdomo unabaki na masharubu. Mchana viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu, unavipangusa kwa kiganja huku unarukaruka kwa sababu ya moto. Omena, dagaa wa ziwa letu, zinaanikwa juu ya magunia na wewe umepewa fimbo ya kufukuza kuku, na kila kuku akifukuzwa nawe unajipa omena tatu za mshahara. Jioni ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, na ukoko wake tunaugombania na kaka zangu watatu mpaka mama anatishia kuutupia mbwa. Siku hizi nauza sufuria ambazo hazishiki ukoko. Msichana mmoja aliniuliza juzi, "Aunty, hii kwani inashika chakula?" akiwa na uso wa mtu aliyeona ajali. Nikamwambia haishiki, mwanangu, chukua tu.

Lakini mfalme wa jiko la mama alikuwa osuga, mboga ambayo wengine mnaiita managu. Osuga ni chungu kwa asili yake. Mtu asiyeijua akikupikia, utafikiri umepewa dawa ya minyoo. Mama aliichuma asubuhi umande ukiwepo, akaichemsha na magadi yake mwenyewe, yale maji anayochuja kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Magadi kidogo tu, matone, maana yakizidi mboga inakuwa na ladha ya sabuni na hakuna dawa. Kisha inaingia kwenye chungu na maziwa. Kesho yake anaipasha, anaongeza maziwa. Keshokutwa tena. Siku ya tatu uchungu umekwisha wote, mboga imelainika, na harufu inafika barabarani. Tukimsumbua alisema, "Jiko halina haraka, haraka ni ya tumbo." Halafu anatupa kazi ya kuchota maji.

Baba hakula nasi. Alikula kwenye kibanda chake karibu na zizi, pamoja na mgeni yeyote aliyepita, na kila mke alimpelekea chakula kutoka nyumba yake. Hiyo ilikuwa desturi na kila mtu aliijua. Mama alikuwa na bakuli la bluu. Nyar Karungu alikuwa na bakuli jeupe lenye maua mekundu. Na mpelekaji wa yote mawili nilikuwa mimi, kwa kuwa kaka zangu walikuwa na ng'ombe na mtoto wa Nyar Karungu bado ananyonya. Kila jioni narudi mara mbili kutoka kwenye kibanda kile, nimebeba vyombo vilivyokwisha kutumika, na mtoto wa kike anayebeba vyombo hufunua aone.

Nilichokuwa nikikiona kiliniunguza. Bakuli la maua lilirudi limerambwa. La bluu, la mama yangu, lilirudi na nusu yake, wakati mwingine baba kaonja tu akaacha. Siku ya kwanza nikasema ameshiba. Siku ya tano nikaanza kukosa usingizi. Nyar Karungu alikuwa na shingo ndefu na meno meupe, alicheka kwa sauti, na alivaa kitambaa kichwani upande kama mtu anayekwenda arusi. Na sasa ameshinda mpaka kwenye mboga! Mtu wa Karungu, mtu wa samaki, atajuaje osuga?

Mama hakuonyesha lolote. Tena kilichonikera zaidi, huyo mwanamke alishinda jikoni kwetu. Kila jioni nikitumwa maji narudi namkuta akitoka kwa mlango wa nyuma na chungu kimefunikwa. "Nilikuja kuomba chumvi," ananiambia kwa tabasamu. Chumvi gani ya kila siku? Alikuwa anachumvisha ziwa?

Basi nikaamua kumpigania mama. Kwa kutumia nini? Tumbo langu. Nikitoka kwa baba napita nyuma ya ghala la mahindi, nachuchumaa, namaliza mboga iliyobaki kwenye bakuli la bluu ili lirudi tupu. Na nawaambia ukweli, haikuwa kazi rahisi. Mboga ile ilikuwa chungu! Mbaya! Nyumbani sisi tulikuwa tunakula osuga ile ile tamu ya mama, lakini ya bakuli la baba ilikuwa kitu kingine kabisa. Nikayasuka akilini kama mtoto anavyosuka mambo: mama ana uchungu moyoni, kwa hiyo anampikia baba kwa hasira na hasira inaingia kwenye chungu. Nikamhurumia zaidi. Nikala na machozi, nikafuta mdomo kwa majani, nikapeleka bakuli.

"Baba yako leo amekula," mama alisema siku ya kwanza, akiligeuza bakuli kwenye mwanga wa koroboi. Akatabasamu. Hilo tabasamu lilinitosha kula uchungu kwa wiki mbili nzima.

Lakini la maua nalo liliendelea kurudi tupu. Kutoka sare hakukunitosha, nilitaka mama ashinde. Na hapo shetani akanionyesha kibuyu cha magadi.

Nilichagua siku kwa akili, au nilidhani hivyo. Mama alikuwa Msabato wa kweli kweli. Ijumaa jua likizama, moto wa kupika umekwisha kwake mpaka Jumamosi jioni. Tulikula vilivyopikwa jana yake, vikapashwa tu. Nyar Karungu alikuwa Mkatoliki, na Jumamosi moshi wa jiko lake ulipanda bila aibu. Nikasema moyoni, Jumamosi ndiyo siku yake. Jumamosi chochote kilicho kwenye bakuli la maua kimepikwa kwa mkono wake mwenyewe, hapana shaka.

Jumamosi hiyo ndipo kaka yake Nyar Karungu alipokuja kutoka Karungu, na samaki mkubwa, mbuta, amefungwa kwa kamba ya mkonge. Alikuwa amekuja kuona dada yake anaishije. Nilikuwa nimesikia mazungumzo ya wakubwa, mnajua watoto hawana mlango masikioni. Nyar Karungu alikuwa amewahi kuolewa mahali pengine, huko karibu na mpaka, akarudishwa kwao. Na baba mwenyewe alikuwa amesema mbele ya watu, mwanzoni kabisa alipoionja mboga yake ya kwanza, "Mwanamke akishindwa na mboga, Karungu si mbali." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Nilijua hayo yote. Na bado, nilipopewa bakuli la maua, nikapita nyuma ya ghala, nikafunua, nikamimina magadi. Sikuhesabu matone. Nikakoroga kwa kidole na nikapeleka.

Baba alimega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akasimamisha taya. Mgeni naye alikuwa ameshachovya, na heshima ya shemeji ikamfanya ameze. Nilimwona akimeza. Macho yalimtoka kama mtu aliyemeza mfupa. Baba akageuka akatema nje ya mlango, akaita kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliinua vichwa.

"Nyar Karungu! Ndiyo unatulisha sabuni mbele ya ndugu yako?"

Alikuja mbio, mtoto mgongoni. Aliliangalia bakuli, akamwangalia kaka yake, na kaka yake akatazama chini. Sijawahi kuona mtu akipungua vile akiwa amesimama. Nilitazamia kufurahi. Furaha haikuja, na nikabaki nimeshika nguzo ya kibanda na mikono inanuka magadi.

Mama akatoka jikoni kwake polepole, na nguo yake ya kanisani bado mwilini. Akapiga goti kwa mgeni, akachukua bakuli, akaonja kwa ncha ya kidole. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mboga hii nimepika mimi, mzee."

"Wewe? Si leo ni Sabato?"

"Nilipika Alhamisi. Mwenzangu ana mtoto mchanga, nikamsaidia kwa ajili ya mgeni. Magadi yamenizidi, ni uzee. Shemeji, utusamehe. Maharagwe yapo."

Baba angefanya nini? Kumgombeza mke mkubwa, mama wa watoto wanne, mbele ya mgeni, hawezi. Mgeni akasema, "Chakula ni chakula, shemeji, lete hayo maharagwe," na kila mtu akapumua. Mimi nikataka ardhi inimeze na kibuyu changu.

Mama alinipata nyuma ya ghala. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akanusa vidole vyangu, akakaa juu ya kinu, akasema, "Haya, Akoth. Sema."

Nikasema yote, kwa kilio. Kwamba nilimfanyia yeye. Kwamba baba anamaliza mboga za yule na kuacha zake. Kwamba nimekuwa nikizimaliza mimi ili asijue. Hapo akanishika mkono.

"Ulikuwa unazimaliza wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Wiki zote hizi mbili?"

"Ndiyo."

Akajiziba mdomo. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Akaita, "Nyieka! Njoo usikie huyu!" Hivyo ndivyo wake wenza wanavyoitana kwetu.

Nyar Karungu akaja, macho bado mekundu, na hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nikikila. Mboga za bakuli la bluu, zile chungu, zilikuwa za Nyar Karungu. Alikuwa anajifunza. Kila jioni alileta chungu chake kwa mlango wa nyuma, na mama akabadilisha: mboga yake mwenyewe akaiweka kwenye bakuli la maua, na ya mwanafunzi akaiweka kwenye la bluu. "Mimi nina watoto wanne hapa," mama aliniambia. "Nani atanirudisha Kendu kwa sababu ya mboga? Wacha baba yako aninunie mimi. Yeye akinuniwa atafukuzwa." Kwa hiyo bakuli lililokuwa likirambwa, lile nililolichukia mpaka nikalitia sumu ya majivu, lilikuwa la mama yangu tangu siku ya kwanza.

Na bado kulikuwa na zaidi. Bakuli la bluu lilipoanza kurudi tupu, wale wawili walifurahi sana. Walisema mwanafunzi amefaulu, baba anakula. Walikuwa wamepanga wiki ijayo waache kubadilishana. "Nimekusifu wiki mbili, mwenzangu," mama akasema huku anashika mbavu, "kumbe ni tumbo la mtoto!" Nyar Karungu akaniuliza, "Akoth, ilikuwa mbaya kiasi gani?" Nikasema, "Mama mdogo, ilikuwa mbaya sana." Wakaangukiana.

Kisha wakainuka, wakaingia jikoni, na mama akasukuma mlango kwa kisigino. Nikabaki nje. Niliwasikia wakicheka, wakinyamaza, wakianza upya, na mama yangu alikuwa anacheka kicheko ambacho hajawahi kucheka nami. Mimi niliyekula uchungu kwa ajili yake, nimefungiwa nje na kuku. Hapo, ndugu zangu, ndipo wivu wenyewe ulipozaliwa. Ule wa kwanza ulikuwa mchezo. Ule wa kwanza nilikuwa naona wivu kwa niaba ya mama. Huu ulikuwa wangu mwenyewe.

Adhabu yangu ilikuwa kuondolewa jikoni. "Mtu anayemwaga magadi bila kuhesabu nitamwita akikua," mama alisema. Nikapewa kufagia uwanja na kufua nepi za mtoto. Nilipokuja kuitwa tena nilikuwa karibu kwenda shule ya bweni, na nafasi karibu na chungu ilikuwa na mwenyewe. Leo ukitaka kula osuga ya Nyar Kendu, mkono ule ule, maziwa yale yale, nenda kwa Nyar Karungu. Kwangu utapata mboga tu.

Baba alishatangulia mbele ya haki, na wale wawili wamebaki kwenye boma lile. Wanapika jiko moja. Nyumba mbili, jiko moja. Nimewapelekea jiko la gesi, wakaliweka sebuleni, wakalifunika kitambaa cha kufuma, wageni wakija wanaonyeshwa. Mama ana ugonjwa wa sukari na magoti yake hayamsikilizi, na Nyar Karungu ndiye anayempimia ugali. Mimi mtoto wa kike wa pekee napiga simu, na simu inapokelewa na Nyar Karungu: "Mama yako amelala, Akoth, ameshakula." Asante, mama mdogo. Nakata simu na roho inaniuma kama jino.

Mwaka huu nikasema imetosha. Nikamjengea mama chumba hapa kwangu Migori, choo ndani, sakafu ya vigae, dirisha la kuelekea asubuhi. Nikaenda kumchukua. Alikubali, akaja. Nikampikia siku tatu mfululizo, kuku wa kienyeji, samaki wa Karungu, osuga niliyoipasha na maziwa siku zote tatu kwa utaratibu wake. Alikula. Alisema ni tamu. Lakini jioni aliomba simu yangu, akampigia mwenzake, nikamsikia kutoka jikoni: "Umekula nini? … Na nani? … Peke yako?" Kisha, "Mimi pia."

Mimi pia! Na mimi nimesimama pale na mwiko, hatua nne kutoka kwake!

Nikaingia. Nikamuuliza kama mtoto wa miaka tisa, sina aibu kusema. "Mama, yule mwanamke ana nini ambacho mimi sina?"

Hakukasirika. Akaniambia, "Wewe nilikuzaa, Akoth. Yule nilimchagua."

Kesho yake nikamrudisha nyumbani. Nilikunywa chai uwanjani, nikaacha unga na mafuta ya kupikia, nikarudi zangu.

Enzi zile wanawake wawili waliogawana mume waliweza kugawana hata lawama ya mboga chungu. Sisi wa leo tunagawana ukuta tu. Kwenye ploti yangu kuna milango sita, kila mlango na gesi yake na kufuli lake, na chumvi ikiisha saa mbili usiku unalala bila chumvi. Binti yangu anajifunza kupika kwenye simu, anasimamisha video ili ageuze chapati. Hana wa kumficha akiunguza.

Juzi nilijaribu. Mlango wa jirani amehamia msichana wa miaka ishirini na kitu, ana mtoto mchanga, na mchana wote namsikia akimbembeleza peke yake. Nikapika osuga siku tatu. Siku ya tatu nikamwaga kwenye bakuli, nikafunika na sahani, nikabisha. Alifungua kidogo, jicho moja na pua.

"Aunty, kuna shida?"

"Hakuna. Nimekuletea mboga."

"Ai, asante sana aunty, lakini tumeoda chipsi na kuku. Siku nyingine, eh?"

Mlango ukafungwa kwa adabu. Nilisimama pale kwenye korido na bakuli linanichoma vidole, mwanamke mzima, mwenye duka, mama wa watoto wanne. Wote wanne nimewazaa. Kuchagua, sijawahi kumchagua mtu hata mmoja, na sijui huwa mtu anaanzia wapi.